Ulingo hukaguliwa chini ya turubai: wa kuchomelewa, wa kontena, na kizimba cha MMA

Klabu ikipata fedha ya ulingo kwa mara ya kwanza, macho huenda kwenye rangi ya turubai, mito ya kona na nembo ya katikati. Vyote hivyo hubadilishwa kwa siku moja. Kinachoamua kama ulingo utadumu, na kama bondia aliyeanguka atainuka salama, kimefichwa: nafasi kati ya boriti na boriti, unene wa mbao, ugumu wa foma, na kamba ilivyofungwa kwenye nguzo. Hapa tunapima aina tatu ambazo klabu ya Dar es Salaam, Mombasa au Nakuru inaweza kuzipata kweli: ulingo anaouchomelea fundi wa hapa nyumbani, ulingo unaokuja umefungashwa kwenye kontena kutoka China, na kizimba cha wavu cha MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Tuseme mapema tunakoegemea: chuma kichomelewe hapa hapa, na fedha itakayookolewa iende yote kwenye foma, turubai na kamba.

Vipimo kwanza, maana hapo ndipo watu huumizwa bei

Ulingo wa kimataifa wa ngumi za ridhaa una mita 6.10 kwa 6.10 ndani ya kamba. Nje ya kamba jukwaa huendelea kwa sentimita 85 kila upande, kwa hiyo jukwaa zima ni mita 7.80 kwa 7.80. Kimo chake kutoka ardhini ni mita 1. Kamba ni nne, zenye unene wa sentimita 4, nazo hupita kwenye sentimita 40, 70, 100 na 130 juu ya turubai. Kila upande kamba zote nne huunganishwa kwa vitambaa viwili vya wima ili zisiachane mtu akiziegemea. Kona moja ni nyekundu, inayotazamana nayo ni bluu, mbili zilizobaki ni nyeupe. Ngazi ni tatu: mbili za mabondia, moja kwenye kona nyeupe kwa ajili ya mwamuzi na daktari.

Ngumi za kulipwa zina uhuru zaidi. Ulingo huwa kati ya futi 16 na 24 ndani ya kamba, yaani mita 4.88 hadi 7.32, na futi 20 ndio ukubwa wa kawaida kwenye mapambano makubwa.

Sasa, muuzaji wa ulingo wa kontena akikuandikia "mita 6", muulize: mita 6 za wapi? Mara nyingi namba hiyo ni ya jukwaa. Toa sehemu ya nje ya kamba pande zote mbili, unabaki na mita 5 hivi za kupigania. Zinatosha kwa mazoezi, na kwa klabu yenye chumba kidogo ni ukubwa mzuri, ila usije ukautangaza kuwa ulingo wa mashindano ya ridhaa. Dai mchoro wenye vipimo viwili, cha ndani ya kamba na cha ukingo wa jukwaa, kabla hujatuma hata shilingi.

Kwa fundi wa nyumbani mtego ni mwingine, nao unatoka kwenye plaiwudi. Karatasi moja ni mita 1.22 kwa 2.44. Jukwaa la mita 7.32 kwa 7.32 linakula karatasi 18 kamili bila kukata hata moja. Jukwaa la mita 7.80 linadai zile 18 pamoja na ukanda wa sentimita 48 kwenye pande mbili, ambao utakula karatasi 4 zaidi, jumla 22. Fundi ataona afadhali asikate, atakushauri ubaki na 7.32. Kwa ngumi za kulipwa hilo halina tatizo: kamba zikiwa mita 6.10, unabaki na sentimita 61 nje ya kamba kila upande, na kanuni za kulipwa kwa kawaida hudai inchi 18 tu, yaani sentimita 46. Lakini kwa ridhaa umepungukiwa sentimita 24 kila upande. Hizo ndizo sentimita zinazomzuia bondia anayeporomokea chini ya kamba asifike kwenye meza ya majaji. Amua kwanza ulingo ni wa mashindano gani, ndipo uhesabu mbao.

Fremu

Hapa fundi mzuri wa mtaani hamwogopi mtu. Mabomba ya mraba ya milimita 100 kwa 50, yenye unene wa milimita 3, yanafanya boriti imara. Muhimu kuliko unene ni nafasi. Boriti zipangwe kila baada ya sentimita 61, kipimo cha katikati hadi katikati, kwa sababu nusu ya upana wa plaiwudi ni sentimita 61 na urefu wake ni mara nne ya hapo. Kwa mpangilio huo kila ukingo wa karatasi unakaa juu ya chuma. Fundi akijipangia mita moja ili aokoe mabomba, ukingo wa mbao utaelea hewani. Ulingo utapendeza siku ya uzinduzi, lakini baada ya miezi michache utaanza kuona mstari wa mfereji chini ya turubai, mahali ambapo karatasi moja imezama na jirani yake imebaki juu. Kifundo cha mguu kinachokanyaga pale katikati ya hatua ya pembeni hupinda, na bondia huyo hatapanda tena kwa wiki kadhaa.

Plaiwudi iwe ya milimita 18, ile ya marini inayovumilia maji. Nyingi za kontena huja na mbao za milimita 12 au 15, na nyingine ni za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Hizo zikinywa jasho na maji ya ndoo za kona huvimba kingo kama mkate uliolowa, wala hazirudi. Ukinunua wa kontena, jiandae kununua plaiwudi upya hapa nyumbani. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo.

Pembe za fremu usizipime kwa macho. Chukua futi kamba, pima mshazari wa kona hadi kona, kisha mshazari wa pili. Kwa jukwaa la mita 7.80 kila mshazari uwe mita 11.03. Tofauti ya sentimita moja inavumilika. Ikifika tatu, turubai halitakaa na kamba za upande mmoja zitakuwa fupi kuliko za mwingine. Kisha weka pimamaji kwenye kila boriti. Miguu iwe na skrubu ya kupandisha na kushusha, na kitako cha bamba la sentimita 15 kwa 15, maana sakafu za kumbi zetu hazilingani, na kwenye uwanja wa nje mvua ikinyesha mguu mwembamba unazama. Nje, kila kitako kikalie kipande cha ubao mnene.

Bolti za fremu ziwe na washa ya springi. Ulingo hutikisika kwa kila hatua, na nati isiyo na washa hiyo hujifungua yenyewe. Dalili ya kwanza ni kelele: ulingo unaolia "kwe kwe" mtu akiruka kamba unakuambia kuna nati imelegea. Usisubiri. Wa kontena unashinda hapa, tukubali. Sehemu zake zina namba, mashimo yanalingana, na watu sita wanaojua kazi huusimamisha kwa saa tatu au nne. Wa fundi wa nyumbani mara nyingi kila boriti ina mahali pake pekee, na ukibadilisha moja, shimo halikubali. Mwambie fundi agonge namba kwenye kila kipande kwa patasi kabla ya kupaka rangi, kwa sababu namba za rangi hufutika safari ya kwanza tu kwenye Fuso.

Nguzo na kamba

Nguzo nne ndizo zinazobeba ulingo wote wa juu. Kila moja inavutwa na ncha nane za kamba, nne kutoka kila upande, na nguvu zote hizo zinaielekeza ndani kwa mshazari. Bomba jembamba litainama. Likiinama sentimita mbili kileleni, kamba za pande mbili zinalegea kwa pamoja, wewe unazikaza tena, nalo linainama zaidi. Bomba la inchi 4 lenye kuta nene, lililoingia ndani ya soketi iliyochomelewa kwenye fremu na kushikwa na mkono wa mshazari chini ya jukwaa, linamaliza tatizo hilo. Jaribio lake ni rahisi: ning'iniza timazi kileleni mwa nguzo kabla ya kukaza kamba, weka alama chini, kaza kamba zote, angalia tena. Alama ikihama zaidi ya sentimita moja, usilipe.

Moyo wa kamba, yaani kiini kinachovikwa foma, hupatikana sokoni kwa aina tatu. Waya wa chuma haurefuki ukivutwa, kwa hiyo huvutia wenye ulingo, lakini hauna huruma kwa shingo ya mtu. Kamba ya plastiki, zile za bluu na za njano, ni ya bei nafuu, ila jua linaila na nyuzi zake huanza kuchoma mikono. Ya katani, ambayo Tanga imeifahamu kwa zaidi ya karne, inashika vizuri na ina uwezo wa kunepa, lakini hubadilika kwa unyevu na huoza ndani kwa ndani ikifungwa ndani ya mpira usiopitisha hewa. Chaguo letu ni kamba nene ya nailoni iliyosukwa au katani iliyokauka vizuri, ikiviringishwa foma nyembamba kisha ngozi bandia iliyoshonwa, mshono ukiangalia nje. Tunakataa kabisa ule mtindo wa kupitisha kamba ndani ya mpira wa kumwagilia bustani. Baada ya msimu mmoja wa jua mpira unapasuka, mpasuko unafunguka bondia akiegemea, unajifunga akiinuka, na unang'ata ngozi ya mgongo.

Ubaya wa kamba ngumu haukubuniwa na waoga. Tarehe 21 Machi 1963 huko Los Angeles, bingwa wa uzito wa unyoya Davey Moore alianguka akipigana na Sugar Ramos, na shingo yake ikagonga kamba ya chini. Alifariki siku nne baadaye kutokana na jeraha kwenye shina la ubongo. Kwa sababu hiyo tunashauri kamba mbili za juu zikazwe kuliko mbili za chini, na ile ya sentimita 40 iwe na foma nene kuliko zote.

Kulegea nako kuna hadithi yake. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimshinda George Foreman raundi ya 8 baada ya kuegemea kamba raundi nyingi huku Foreman akichoka kwa kupiga. Watu walimlaumu kocha wa Ali, Angelo Dundee, kwamba alizilegeza. Yeye alisisitiza kwamba alizikaza, na kwamba joto ndilo lililozilegeza. Kwa fundi wa ulingo somo liko kwenye saa: kamba zilizokazwa mchana si zile zile usiku. Kaza siku moja kabla, kaza tena saa mbili kabla ya pambano la kwanza, na katikati ya ratiba mpe mtu kazi ya kuzipitia zote kumi na sita.

Kwa hilo unahitaji vikazio, yaani zile skrubu ndefu zenye pete pande mbili. Kila ncha ya kamba iwe na chake, si kimoja kwa kamba nzima inayozunguka, kwa sababu kamba inayozunguka ikikatika upande mmoja inaporomoka pande zote nne. Vitie grisi, vifunge kwa waya ili visijizungushe, na mto wa kona uvifunike vyote bila kuacha chuma kinachochungulia.

Foma na turubai

Kama kuna mahali pa kumaliza fedha, ni hapa. Kanuni za ridhaa zinataka tabaka la sentimita 1.5 hadi 2 la foma, mpira au kitambaa kilichogandamizwa, na za kulipwa huwa karibu inchi moja. Kosa kubwa la mtaani ni kuweka sponji ya godoro. Inapendeza kukanyaga dukani, lakini vitundu vyake vimefunguka, hewa inatoka mara moja, na kichwa kinachoanguka kwa kasi kinaipita na kukutana na mbao. Pia mguu unazama ndani yake na kifundo kinageuka. Unataka foma ngumu ya vitundu vilivyofungwa, kama EVA. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote: ikizama kidogo na kusukuma kidole kirudi, ni yenyewe. Kidole kikigusa ubao, rudisha.

Viungo vya foma visikae juu ya viungo vya plaiwudi. Panga foma ikipita kinyume, unganisha kwa utepe mpana wa kitambaa, na usiache uwazi hata wa upana wa kidole.

Turubai la pamba nene ndilo bora. Lina gharama, hufifia, na linakunywa damu na jasho, lakini kiatu kinashika. Wa kontena karibu zote huja na la plastiki, na mafundi wetu hupenda turubai la lori kwa sababu ile ile: ni la kufuta kwa kitambaa tu. Likilowa ni kama sabuni. Mwaga kikombe cha maji, vaa viatu vya ngumi, geuka ghafla kwa mguu mmoja, utapata jibu lako. Nembo za wadhamini zilizopakwa kwa rangi nene nazo huteleza hata kwenye turubai la pamba, hivyo mdhamini apewe pembeni na kwenye mito ya kona. Akidai katikati, rangi iwe nyembamba, ya kuingia kwenye kitambaa, si ya kukaa juu yake.

Kulivuta kuna utaratibu. Liwe na vitundu vya chuma kila sentimita 30 kwenye pindo. Anza katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaotazamana nao, halafu pande mbili nyingine, ndipo uelekee konani ukipishanisha. Ukianza na kona utafukuza mikunjo mpaka asubuhi. Baada ya mazoezi ya siku ya kwanza legeza na uvute tena.

Damu isafishwe siku hiyo hiyo. Jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inakupa dawa ya asilimia 0.5. Iache dakika kumi, suuza kwa maji safi, kausha. Ukiiacha ikaukie kwenye pamba, nyuzi zinadhoofika na turubai linachanika pale pale palipokuwa safi kuliko kwingine.

Kizimba

Wanaotaka MMA huuliza kama ulingo wa kamba unatosha. Kwa mazoezi ya kupiga, ndiyo. Kwa mieleka, hapana: wapiganaji wakishikana kambani hupenya chini ya ile ya sentimita 40, mwamuzi anasimamisha, anawarudisha katikati, na nafasi aliyoipigania mmoja imepotea. Wavu unawabakiza ndani.

Kizimba cha pembe nane kilianza na UFC, kampuni ya Marekani ya mapambano ya MMA, huko Denver tarehe 12 Novemba 1993. Cha kwao kikubwa kina futi 30 upande hadi upande, yaani mita 9.14, na kidogo futi 25, mita 7.62. Kwa eneo ni karibu mita za mraba 69 na 48, wakati ulingo wa mita 6.10 una 37. Kidogo tu kinazidi ulingo wa ngumi kwa zaidi ya robo. Kwa klabu, mita 6 upande hadi upande zinatosha mazoezi: kila upande utakuwa mita 2.49, na kila pembe ya ndani nyuzi 135.

Cheni linki ya kuzungushia viwanja haifai ikiwa tupu. Ncha zake hukwaruza, na mabati yakichubuka hushika kutu. Tafuta ile iliyofunikwa plastiki, na ncha zote zilizokatwa zigeuzwe nje. Mabomba ya juu, nguzo zote nane na fremu za milango vivikwe foma kila mahali mwili unapoweza kugusa. Milango iwe miwili inayotazamana, ifunguke kuelekea nje, na kitasa kiwe nje chenye pini ya pili, kwa sababu watu wawili wa kilo 90 wakigonga mlango kwa pamoja, komeo moja dogo la dirisha halitashika.

Kosa tunalolikuta zaidi kwenye vizimba vya kuchomelewa liko chini kabisa: uwazi kati ya wavu na sakafu. Kidole cha mguu kinaingia pale na mwili unageuka huku kidole kimebaki. Wavu ufungwe chini ya usawa wa foma, kisha ukanda wa foma wa sentimita 10 uzungushwe juu ya kiungo hicho. Sakafu ya kizimba nayo inataka foma nene kuliko ya ulingo, kwa ajili ya kubwagwa, lakini iwe ngumu vile vile.

Kwa klabu inayofundisha ngumi na MMA chini ya paa moja, tunashauri ulingo kwanza na kuta mbili za wavu ukutani kwa mazoezi ya kubanwa. Kizimba kizima kisubiri mpaka kuwe na wanafunzi wa kukijaza.

Malipo

Mkataba na fundi utaje nafasi ya boriti, unene wa bomba, unene na aina ya plaiwudi, na mishazari yote miwili kwa sentimita. Gawa malipo mara tatu: ya vifaa, ya fremu iliyosimama na kupimwa, na ya mwisho. Fungu la mwisho libaki mkononi mpaka kamba zote zimekazwa, watu wanane wameruka pamoja katikati ya ulingo kwa dakika mbili, timazi imerudiwa kwenye nguzo zote nne, na mmoja ametambaa chini ya jukwaa na spana kukagua kila nati.